Mkusanyiko wa ndege ndogo

Mkusanyiko wa ndege ndogo ni tukio ambapo marubani wenye ndege binafsi, za vilabu au za mafunzo husafiri kutoka sehemu mbalimbali na kutua katika uwanja mmoja, kwa kawaida uwanja mdogo, ili kukutana, kuonyeshana ndege na kubadilishana ujuzi. Unaweza kudumu kwa saa chache, siku moja au wiki nzima.

Mkusanyiko huu ni tofauti na maonyesho ya ndege. Katika maonyesho, watazamaji huja kuangalia marubani wachache wakifanya michezo ya angani. Katika mkusanyiko, marubani wenyewe ndio wageni. Hatari yake kubwa hutokea wakati ndege nyingi zinapofika kwa pamoja kwenye uwanja uliozoea ndege moja au mbili kwa siku. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya maandalizi hufanyika ardhini, wiki nyingi kabla ya ndege ya kwanza kutua.

Historia

Mkusanyiko mkubwa kuliko yote duniani hufanyika kila mwaka mjini Oshkosh, jimbo la Wisconsin, nchini Marekani. Huandaliwa na chama cha EAA kilichoanzishwa mwaka 1953 na Paul Poberezny pamoja na wenzake waliokuwa wakijiundia ndege. Mkusanyiko wao wa kwanza ulifanyika mwaka huohuo mjini Milwaukee ukiwa na ndege chache tu. Mwaka 1959 ulihamia Rockford, jimbo la Illinois, na mwaka 1970 ukahamia Oshkosh. Siku hizi zaidi ya ndege 10,000 hufika Oshkosh na viwanja vya jirani katika wiki hiyo.

Ili kuepuka kelele za redio, marubani wengi wanaokaribia Oshkosh hawaruhusiwi kuzungumza. Hupanga mstari mmoja juu ya njia iliyotangazwa, mwongoza ndege aliye ardhini huitambua kila ndege kwa aina na rangi yake, na rubani hujibu kwa kutikisa mabawa.

Afrika Mashariki

Urushaji wa ndege binafsi katika Afrika Mashariki ulianza mapema. Aero Club of East Africa ilianzishwa Nairobi mwaka 1927. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways. Uwanja wa Nairobi West ulipewa jina la Wilson mwaka 1962, na hadi leo ni kitovu cha ndege ndogo na shule za urubani nchini Kenya.

Mwezi Novemba na Desemba 2016 msafara wa Vintage Air Rally ulipita katika ukanda huu. Ulikuwa na ndege za miaka ya 1920 na 1930 zilizosafiri kutoka kisiwa cha Krete, Ugiriki, hadi Afrika Kusini, zikipitia Kenya na Tanzania. Nchini Ethiopia washiriki walizuiliwa kwa siku kadhaa huko Gambela, baada ya mamlaka kusema kuwa waliingia bila idhini. Tukio hilo huonyesha kwamba kibali kisichokamilika kinaweza kuusimamisha msafara mzima.

Mazingira ya uwanja mdogo: mfano wa Shinyanga

Mkoa wa Shinyanga una uwanja wa ndege wa Ibadakuli, karibu na mji wa Shinyanga, na kiwanja cha mgodi wa almasi wa Mwadui, jirani na mji mdogo wa Maganzo katika Wilaya ya Kishapu. Mgodi huo ulitokana na ugunduzi wa mwanajiolojia Mkanada John Williamson mwaka 1940. Kwa kuwa kiwanja chake kimo katika eneo la mgodi wa almasi, lenye ulinzi mkali, ndege ya nje huhitaji ruhusa ya mwenye kiwanja kabla ya kutua.

Mwandaaji katika eneo hili hukabiliwa na mambo manne:

Mwinuko na joto. Eneo la Maganzo liko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Joto linapofika nyuzi 32 za Selsiasi hewa huwa nyepesi, na ndege hufanya kazi kana kwamba iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100. Injini hupungua nguvu na mabawa hupata msukumo mdogo, hivyo ndege huhitaji umbali mrefu zaidi ili kuruka. Ndege iliyotua asubuhi bila shida inaweza kushindwa kupaa salama saa nane mchana ikiwa imejaza mafuta na kubeba watu wanne.

Udongo. Mabonde mengi ya Usukumani yana udongo mweusi wa mbuga, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kunata sana ukilowa. Ndege inayoegeshwa kwenye udongo huo inaweza kuzama magurudumu baada ya mvua moja. Miezi ya Juni hadi Septemba, ambayo kwa kawaida ni mikavu, ndiyo inayofaa zaidi.

Mifugo. Ng'ombe na mbuzi ni wengi, na nyasi za pembeni mwa kiwanja ni malisho mazuri. Wachungaji wanapaswa kujulishwa mapema kupitia ofisi ya mtendaji wa kijiji na mikutano ya hadhara, na kiwanja kikaguliwe kabla ya kila kundi la ndege kufika.

Ndege wa mwituni. Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, mtafiti wa wanyamapori wa Serengeti, alifariki baada ya ndege yake kugongana na tumbusi. Mizoga, mabaki ya chakula na majalala karibu na uwanja huvuta ndege kama hao, kwa hiyo taka za mkusanyiko hazipaswi kulundikwa hapo.

Vibali na taarifa

Nchini Tanzania usalama wa anga husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Viwanja vya serikali huendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA), na viwanja vya migodi, hoteli au misheni vina wenyewe. Mwandaaji huhitaji ridhaa ya mwenye uwanja, kisha huwasiliana na TCAA ili marubani wengine watangaziwe shughuli hiyo kwa notisi rasmi iitwayo NOTAM.

Ndege zilizosajiliwa nje, kama zile zenye alama ya 5Y ya Kenya au 5X ya Uganda, huhitaji kibali cha kuingia. Hutua kwanza kwenye uwanja wenye huduma za uhamiaji na forodha ndipo ziendelee hadi kwenye mkusanyiko. Ndege zisizo na rubani nazo huhitaji kibali, na kwa kawaida huzuiwa kabisa wakati ndege nyingine zinapotua au kuruka.

Uongozi wa wilaya, polisi, zimamoto na hospitali ya karibu hujulishwa mapema, pamoja na idadi ya ndege na watu wanaotarajiwa.

Mafuta

Ndege nyingi ndogo zenye injini za pistoni hutumia petroli ya ndege, iitwayo avgas, ambayo haipatikani katika viwanja vingi vya mikoani. Ndege za injini za tabo hutumia Jet A-1, ambayo ni aina ya mafuta ya taa. Kuweka Jet A-1 katika injini ya pistoni kunaweza kuizima mara baada ya kupaa. Kwa hiyo mapipa ya aina hizi mbili hutenganishwa na kuandikwa kwa herufi kubwa, na rubani husimamia mwenyewe ujazaji wa ndege yake.

Hesabu hufanywa mapema. Ndege 20 zikihitaji lita 100 kila moja ni lita 2,000, yaani mapipa 10 ya lita 200. Ndege ya aina ya Cessna 172 ikitoka Arusha, umbali wa takriban kilomita 360, hutumia karibu saa mbili angani. Rubani anayetaka kurudi siku hiyohiyo lazima ajue kabla ya kuondoka kama atapata mafuta. Mafuta ya mapipa huchujwa ili kuondoa maji na uchafu.

Mpangilio wa siku yenyewe

Kila rubani hupewa karatasi ya maelekezo yenye ramani ya uwanja, urefu wa njia ya kurukia, masafa ya redio, upande wa mzunguko wa kutua na muda wake wa kufika. Ndege za mwendo wa kasi na za mwendo wa polepole hupangiwa nyakati tofauti. Kukiwa hakuna mnara wa kuongozea ndege, kila rubani hutangaza kwenye redio mahali alipo na anachokusudia kufanya, na hutazama nje muda wote.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana Nairobi tarehe 5 Machi 2024, wakati ndege ya abiria aina ya Dash 8 na Cessna 172 ya mafunzo zilizoruka kutoka Wilson zilipogongana. Watu wawili waliokuwa ndani ya Cessna walifariki, na ndege ya abiria ilirudi na kutua salama.

Ardhini, waelekezi wenye fulana za kung'aa huonyesha maegesho. Watazamaji hukaa nyuma ya kamba, kwa sababu propela inayozunguka kwa kasi haionekani vizuri na huua. Watoto huruhusiwa kusogea karibu na ndege baada ya injini zote za eneo hilo kuzimwa, tena kwa vikundi vinavyoongozwa na mtu mzima.

Ndege zote zinapaswa kuondoka mapema kiasi cha kufika ziendako kabla ya giza, hasa pale ambapo viwanja havina taa.

Manufaa

Mkusanyiko huwapa wanafunzi nafasi ya kuzungumza na marubani na mafundi, na kuona kwamba kazi za anga ni nyingi: ufundi, uongozaji ndege, utabiri wa hali ya hewa na zimamoto. Huleta pia wateja kwa mama lishe, nyumba za wageni na madereva.

Faida ya kudumu zaidi ni kiwanja chenyewe. Tangu mwaka 1957, huduma ya madaktari wa ndege iliyozaa shirika la Amref imekuwa ikitegemea viwanja vidogo kuwafikia wagonjwa walio mbali na hospitali kubwa. Kiwanja kilichofyekwa, kusawazishwa na kupimwa kwa ajili ya mkusanyiko wa siku moja kinaweza kupokea ndege ya wagonjwa wiki inayofuata, mradi kiendelee kutunzwa.