Gari kuukuu linapokosa umeme wote: kagua nyaya kabla ya kununua betri

Gari lililolala salama uani laweza kukutwa asubuhi likiwa bubu kabisa. Ukifungua mlango, taa ya ndani haiwaki. Ukizungusha ufunguo, dashibodi ni giza tupu, honi hailii na stata haitoi hata mlio. Wenye magari ya zamani wengi hukimbilia dukani kununua betri mpya, na si wachache wanaoifunga kisha wakakuta hali ni ile ile.

Betri iliyochoka, au iliyonyonywa na taa zilizoachwa usiku kucha, aghalabu huonyesha dalili: taa hufifia, stata huzunguka kwa uvivu au hugongagonga tu. Ukimya wa ghafla wa gari zima huashiria kwamba umeme umekatika mahali ambapo wote hulazimika kupita, na mahali hapo ni pachache: vichwa vya nyaya vinavyobana betri, waya wa ethi unaoshuka kwenye bodi na injini, na fyuzi kuu.

Mita ndogo ya kupimia volti yatosha kwa kazi hii. Kwanza washa swichi ya taa kubwa, hata kama taa haziwaki, kisha pima kwenye nguzo zenyewe za risasi za betri. Betri iliyojaa, isiyo na mzigo, husoma takriban volti 12.6, ikishuka hadi 12 imekwisha. Kuna betri iliyokatika ndani ambayo husoma vizuri taa zikiwa zimezimwa, kisha huporomoka mara zikiwashwa. Hiyo ndiyo ya kubadilishwa.

Iwapo nguzo zina umeme, hamishia ncha za mita kwenye vichwa vya nyaya. Volti zikipotea hapo, kosa limepatikana. Ukoko mweupe au wa kijani huota kati ya nguzo na kichwa, na mara nyingine tabaka jembamba jeusi ambalo jicho halilioni mpaka kichwa kivuliwe. Mgusano uliobaki huweza kupitisha umeme mdogo wa taa ya ndani, lakini stata inapodai ampea mia moja na zaidi, njia hukatika na kila kitu huzimika papo hapo. Baada ya dakika kadhaa, au mtu akikigonga kichwa hicho, umeme hurudi. Tabia hii ndiyo huzaa hadithi za gari lenye mashetani. Tiba yake ni maji ya moto, msasa na kukaza nati. Ondoa kichwa cha hasi kwanza, na ukirudishe mwisho. Spana ikigusa bodi wakati unafungua upande wa chanya, cheche zake ni za hatari, kwani betri hutoa gesi inayolipuka.

Vichwa vikiwa safi, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi na nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi, swichi ya taa ikiwa bado imewashwa. Mita isome karibu na sifuri. Ikisoma volti 12, waya wa ethi umekatika, au boliti yake imeliwa na kutu chini ya rangi.

Hufuata fyuzi kuu, ambayo katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 hukaa karibu na betri. Pima pande zake mbili: umeme ukiwepo upande mmoja tu, imeungua. Sababu ya kawaida ni kuazima umeme wa gari jingine na kugeuza nyaya, chanya kwa hasi. Hapa wapo mafundi wa kando ya barabara ambao huunganisha kipande cha waya wa shaba na kumwambia mteja aende zake. Gari litawaka, naam, lakini kinga imeondolewa; siku waya wa ndani utakapogusa chuma, hakuna kitakachokatika kabla ya moto. Nunua fyuzi ya ampea zile zile, na utafute kwanza kilichoiunguza.

Taa ya ndani na honi zikifanya kazi ilhali ufunguo hauamshi lolote, hilo si tatizo la gari zima. Tazama swichi ya ufunguo, pamoja na king'ora au swichi ya siri ya kuzuia wizi iliyofungwa na mmiliki wa awali. Viungo vyake mara nyingi vimesokotwa kwa mkono na kuvishwa utepe, navyo hulegea.

Injini ikishawaka, pima betri tena: volti 13.8 hadi 14.5 huonyesha kuwa alteneta inachaji. Usikubali fundi avue kichwa cha betri wakati injini inanguruma ili kuijaribu alteneta. Volti huweza kupanda ghafla na kuunguza kompyuta ya injini, ambayo bei yake huzidi ya betri mara kadhaa.