Kabla Hujamwambia Mtu "Umetoroka Mathare"

Wiki jana nilikuwa kwenye mat ya kuelekea tao, makanga akamgeukia jamaa aliyekuwa anabishana kuhusu nauli: "Kwani umetoroka Mathare?" Gari nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka. Halafu nikamkumbuka mjomba wangu, kicheko kikaishia hapo.

Mjomba aliugua nikiwa darasa la saba. Alikuwa anasikia sauti ambazo sisi hatuzisikii. Alilazwa miezi miwili, na sisi watoto tukaambiwa tukiulizwa tuseme ameenda ushago. Mwaka huo huo shangazi alilazwa na malaria, plot nzima ikajua, watu wakaja na matunda. Familia ni moja. Mbona ugonjwa mmoja tuutangaze na mwingine tuufiche?

Nikaamua kuchimba historia ya hilo jina tunalolitumia kama tusi. Hospitali yenyewe inaitwa Mathari. Kabla iwe ya magonjwa ya akili, hapo palikuwa mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ikapageuza kuwa makao ya watu iliowaita vichaa, na jina la hospitali ya akili likaja 1924. Yaani wazo la kutenga lilitangulia wazo la kutibu, na sidhani limewahi kututoka.

Sasa ngoja sehemu iliyoniuma zaidi. Mwaka 1938 Mathari ilikabidhiwa daktari Mzungu, J. C. Carothers, ambaye wakati huo hakuwa na mafunzo maalum ya magonjwa ya akili. Miaka ikapita, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Si ya mgonjwa fulani, wasee, ya bara zima! Alidai Mwafrika hatumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata neva zinazounganisha sehemu hiyo na ubongo uliobaki. Mwaka uliofuata, Hali ya Hatari ikiendelea, serikali ikachapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau. Watu wanadai mashamba yao, yeye anachunguza vichwa vyao.

Frantz Fanon, daktari aliyetibu wagonjwa wa akili kule Algeria, alimpinga waziwazi kwenye kitabu chake cha 1961.

Na sayansi yenyewe inasema nini? Ubongo wa binadamu, awe wa Kiambu au wa London, una seli za neva karibu bilioni 86 zinazowasiliana kwa umeme na kemikali. Ile sehemu ya mbele, inayotusaidia kupanga mambo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Ni hivyo kwa kila mtu, rangi yoyote. Mimi na wewe bado tuko kwa mjengo.

Ugonjwa wa mjomba unaitwa skizofrenia. Neno hilo lilitungwa 1908 na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, kutoka maneno ya Kigiriki yanayomaanisha kugawanyika na akili. Ndiyo maana wengi hudhani ni mtu mmoja mwenye nafsi mbili. Zii. Ni ugonjwa ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo, kuamini kwa dhati mambo ambayo si kweli, na mawazo yake kukosa mpangilio. Una dawa, na wengi wakitibiwa wanaendelea na maisha yao.

Maoni yangu ni haya: Carothers aliandika kwa lugha ya kidaktari, sisi tunaongea kwa lugha ya mtaa, lakini kazi ni ile ile. Tunachukua neno la ugonjwa tunalifanya ukuta, upande huu watu kamili, upande ule wale wengine. Yeye alituweka sote upande ule. Ajabu ni kwamba leo tunawasukuma huko ndugu zetu wenyewe.

Siku hizi mjomba anashona viatu, anameza dawa zake, na utani wake ni mkali kuliko wa makanga yeyote. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Akafikiria kidogo, akasema: "Andika tu. Ila usiwaambie nilikuwa ushago."