Jinsi mwangwi unavyopima chakula cha samaki baharini

Mwanga wa jua hauendi mbali chini ya maji, lakini sauti hufika. Baharini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani.

Kifaa hufanyaje kazi?
Kifaa kilichofungwa chini ya meli hutuma mlio mfupi. Mlio ukigonga kiumbe, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Ukirudi baada ya sekunde 0.2, umekwenda mita 150 na kurudi mita 150. Basi kiumbe huyo yuko mita 150 chini. Samaki wengi wana kifuko cha hewa tumboni, na hewa hiyo hurudisha mwangwi wenye nguvu. Planktoni, yaani mimea na wanyama wadogo wanaochukuliwa na maji, kwa kawaida hurudisha mwangwi hafifu, hivyo hutumiwa mlio mwembamba zaidi.

Nani huonekana?
Mwaka 1942, wataalamu wa Marekani waliojaribu vifaa hivyo karibu na California waliona kitu kama sakafu ya bahari, ilhali sakafu halisi ilikuwa chini zaidi. Mwaka 1945 Martin Johnson alionyesha kwamba tabaka hilo hupanda jioni na kushuka alfajiri. Lilikuwa ni viumbe hai. Usiku wanyama wa planktoni hupanda kula mimea midogo karibu na uso wa maji, na samaki wadogo huwafuata. Mchana hurudi gizani kuwakwepa wanaowala.

Kwa nini kupima?
Katika bahari ya Antaktika, krili wanaofanana na uduvi huliwa na nyangumi, sili na pengwini, na meli za uvuvi nazo huwataka. Mwaka 2000, meli 4 zilipima krili kwa mwangwi kusini mwa Atlantiki. Hesabu iliyorekebishwa baadaye ilifikia takriban tani milioni 60. Hata hivyo, nchi zinazosimamia uvuvi huo zilikubaliana usizidi tani 620,000 kwa mwaka hadi zitakapoafikiana namna ya kuugawa katika maeneo madogo. Meli zikijazana mahali pamoja, pengwini wa hapo wanaweza kukosa chakula hata kama krili ni wengi kwingineko.

Mwangwi una upungufu gani?
Hautaji jina la kiumbe. Ndiyo maana watafiti hushusha pia nyavu, hupima waliovuliwa na kuwapasua matumbo, wajue nani amekula nini.