Filamu ya Majaribio: Kinachojaribiwa ni Nini?

Istilahi "filamu ya majaribio" huwapotosha wengi kwa sababu majaribio tumeyazoea kwingine. Mfanyakazi mpya huwekwa katika kipindi cha majaribio. Mwanasoka huitwa kufanya majaribio kabla ya kusajiliwa. Basi mtu akisoma kwamba msanii fulani alianza na filamu fupi ya majaribio, hudhani ni kazi ya kujifunzia tu, ambayo haijaiva.

Sisi wa Nakuru tuna maana bora zaidi hapa nyumbani. Njoro, katika kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kuna mashamba ya majaribio ambako ngano kutoka nchi nyingi hupandwa pamoja na mistari ya ngano inayougua upesi, ili ugonjwa wa kutu ya shina usambazwe makusudi. Anayepimwa pale si mkulima. Inayopimwa ni mbegu, kama itahimili. Filamu ya majaribio nayo hupima njia ya kusimulia: picha na sauti zikikutanishwa hivi, zitabeba jambo ambalo mazungumzo ya kawaida yameshindwa kulibeba?

Chukua filamu ya Yellow Fever ya Mkenya Ng'endo Mukii, aliyohitimu nayo mwaka 2012 katika Royal College of Art, London, alikosomea uhuishaji. Ni dakika saba hivi kuhusu kujichubua ngozi na urembo tunaoazima kwa Wazungu. Angeweza kuwakalisha watu mbele ya kamera wakahojiwa, yakaisha. Badala yake alichukua sauti halisi ya mpwa wake mdogo, anayetamani ngozi nyeupe, akaiwekea michoro ya mkono. Mchoro unaweza kugeuka rangi huku mtoto akiongea. Kamera haiwezi kumfanyia hivyo mtoto wa kweli, wala haifai. Kwingine wacheza densi wamepigwa picha moja moja, kisha zikaunganishwa, hata miili inasogea kwa kushtukashtuka, kana kwamba ngozi imewabana. Kwangu hiyo ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote, maana adha ya kuikataa ngozi yako unaiona kabla hujaelezwa.

Hiyo haikuwa kazi mbichi. Mwaka 2013 tamasha la filamu la Chicago liliitunuku Silver Hugo, na miaka kumi baadaye Mukii akaongoza filamu fupi ya Enkai katika mkusanyiko wa uhuishaji wa Kizazi Moto wa Disney.

Wapo wanaopendekeza tuseme "filamu ya kibunifu" badala yake. Siafiki, kwani hakuna filamu isiyobuniwa. Tubaki na majaribio, ila tuyatumie kwa uangalifu. Mwalimu, filamu ya mwanafunzi ambayo haijakamilika iite filamu ya mazoezi. Nawe mwandishi wa sanaa, kila unapoandika "filamu ya majaribio", mweleze msomaji katika sentensi hiyohiyo ni kitu gani kilichojaribiwa.