Umelipia safari ukadanganywa? Namna ya kudai fedha zako

Umeuza alizeti, kampuni inakupigia: lipia leo, siku tatu Zanzibar, hoteli na chakula ndani. Unafika, hoteli siyo ile na chakula unajinunulia. Je, fedha zinaweza kurudi?

Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Tunakushauri ufanye hivi:

1. Tunza ushahidi. Usifute ujumbe wa muamala, tangazo wala namba waliyokupigia. Ahadi ya mdomo ni ngumu kuithibitisha.

2. Iandikie kampuni. Taja kiasi ulicholipa, walichoahidi, ulichopata na tarehe ya mwisho ya kukurudishia fedha. Baki na nakala.

3. Wakikaa kimya, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Unaweza pia kufungua madai Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi huendeshwa kwa Kiswahili.

4. Ukigundua kampuni haipo kabisa, huo ni utapeli, na hapo usisubiri. Piga 100 uwaeleze mtandao wako kabla tapeli hajatoa fedha. Kisha ripoti polisi, upewe namba ya RB. Ujumbe wa tapeli utume kwenda 15040.

Mwisho, jihadhari na anayekupigia baadaye akitaka ada kwanza ndipo akurudishie fedha zako. Huyo naye anataka kukuibia mara ya pili.