Kunyanyua mzigo mzito kwa kreni: kagua sehemu za kufungia

Mizigo inayopita Kasese na Bwera kwenda mpaka wa Mpondwe, na kuvuka hadi Kasindi, Beni na Butembo, si saruji ya Hima na chumvi ya Katwe pekee. Zipo pia jenereta, mashine za viwanda na mitambo ya barabara. Kreni inaweza kuwa na nguvu ya kutosha na mzigo ukaanguka vilevile, iwapo sehemu ulipofungwa mnyororo imeng'oka.

Pembe ya mnyororo
Chukua mzigo wa tani 10 ulioshikwa na minyororo miwili. Ikisimama wima, kila mmoja hubeba tani 5. Ikilala hadi nyuzi 45 kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja huvutwa kwa tani 7.1, kwa nyuzi 30 ni tani 10. Sehemu ya kufungia huvutwa kwa nguvu hiyo hiyo. Tumia minyororo mirefu zaidi, au boriti ya kunyanyulia.

Bolti za jicho
Bolti isiyo na bega ni ya kuvuta wima tu. Yenye bega ikazwe mpaka bega liguse chuma. Hata hivyo, kwa nyuzi 45 hubakiwa na takriban asilimia 30 ya uwezo wake. Jicho lililo juu ya mota au gia boksi ni la kunyanyulia kifaa hicho peke yake, si mashine nzima.

Kontena
Kontena lililojaa la futi 20 au 40 lisinyanyuliwe kwa minyororo ya mshazari kwenye pembe za juu. Tumia fremu inayovuta wima. Ukifunga pembe za chini, mnyororo usipungue nyuzi 45 kwa futi 20, na nyuzi 30 kwa futi 40.

Kabla ya kunyanyua
- Soma uzito kwenye hati za mzigo, usikisie.
- Tafuta nyufa, kutu na uchomeleaji wa kubahatisha.
- Inua kidogo, simamisha, kagua tena.
- Mtu yeyote asipite chini ya mzigo.

Vyombo vya kunyanyulia vimo katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006. Msafirishaji, omba kuona cheti cha ukaguzi cha kreni na minyororo yake. Kama hakipo, mzigo ubaki kwenye lori.