Kisiwa Kilicholiwa na Mbuzi

Msafiri atokaye kisiwa cha Morisi kwenda kaskazini, akiisha kusafiri kiasi cha kilomita 22, huona mlima umetokeza peke yake baharini. Hicho ndicho kisiwa kiitwacho Round Island. Ni mabaki ya volkano iliyozimika zamani. Kimo chake ni mita 280, na eneo lake halizidi sana kilomita za mraba mbili.

Mahali hapo padogo palihifadhi hazina kubwa. Kwa kuwa panya hawakufika huko, wanyama watambaao walioangamia Morisi walisalia. Miongoni mwao yumo mjusi wa Günther, na nyoka wa ajabu ambaye mfupa wa taya lake la juu umegawanyika vipande viwili, jambo lisiloonekana ila kwa nyoka wa ukoo wake.

Katika karne ya 19 watu walileta mbuzi na sungura. Wanyama hao hawakuwa na hatia, kwani walikula walichokiona. Lakini kila mche ulipochipua uliliwa; miti mikongwe ilipokufa haikupata warithi; mvua ikauchukua udongo baharini, na mwamba ukabaki uchi. Mwaka 1957 kisiwa kilitangazwa kuwa hifadhi, lakini tangazo halizuii jino la mbuzi. Nyoka mwingine, aliyezoea kujifukia udongoni, alionekana mara ya mwisho mwaka 1975.

Hatimaye watu walitenda. Mbuzi walimalizwa mwaka 1979, na mwaka 1986 Don Merton wa New Zealand aliongoza kazi ya kuwamaliza sungura. Je, ilikuwa haki kuua sungura ili kumponya nyoka? Msomaji na apime mwenyewe: sungura wamejaa duniani, bali nyoka yule wakati huo hakuwa na makao mengine ya porini. Baada ya hapo miche ilianza kukua tena. Mwaka 2007 waliletwa kobe wakubwa wa asili ya Aldabra, wafanye kazi ya kobe wa Morisi waliokwisha toweka, yaani kula magugu na kutawanya mbegu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimea ya Round Island ni ukuta unaojengwa sasa kwa taabu nyingi. Lakini nyoka aliyeonekana mwaka 1975, hapana fundi awezaye kumjenga tena.